Goli la Pili

"Mama wa mashuka, toa nguo zako,
tunaibiwa goli!"
Chilumba huyo, nyuma ya nondo za wodi ya watoto,
mkono umefungwa dripu,
sauti ya kocha aliyekwisha kufungwa tatu.

Nikageuka. Kamba yangu ya kuanikia
ilikatiza kati ya macho yao na uwanja.
Miaka kumi na moja hapa Masasi nafua damu na matapishi,
kumbe siku zote naanika pazia.

Nikahamisha kamba.
Kisha nikaingia, nikainama penye kitanda cha tatu
nione wanachokiona:
vumbi, kona moja ya chokaa,
milingoti miwili, mtambaapanya umelegea katikati.
Basi. Ukuta wa jiko unakula uwanja uliobaki.
"Na goli la pili?"
Somoe, mwenye selimundu,
anayepima maneno kama maji ya mwezi wa kumi,
akasema, "La pili tunalisikia tu."

Kelele ndefu ni goli. Kelele fupi, umegonga mwamba.
Kukiwa kimya, Chilumba huamua mwenyewe.

Afisa maendeleo akafunua fomu.
Jina la kikundi? Goli la Pili.
Akaweka kalamu chini. "La kwanza liko wapi?"
Dirishani, nikasema, hilo walishapewa.
Lengo?
Kuwavusha watoto ukuta wa jiko.
Akaandika: kuboresha ustawi wa watoto wenye uhitaji.
Nikanyamaza, maana nilitaka mhuri.

Waanzilishi: mimi, muuguzi Fidea,
na Hashimu mwenye guta la kubebea korosho,
aliyetoa guta, akasahau kutoa petroli.
Malipo ya mnada wa pili yalipoingia
watu walichanga, huyu elfu mbili, yule mia tano,
mmoja alileta mpira uliopasuka akadai risiti.
Nikamwandikia.
Daktari akatupa saa moja na nusu
na masharti marefu kuliko mechi yenyewe:
maji, kivuli, blanketi la Somoe, asiguswe na upepo.

Jumamosi tukapakia saba
juu ya magunia matupu.
Tukawapanga nyuma ya goli la pili,
karibu kabisa, wavu unawagusa pua.

Uwanja ule, lakini, umeinama.
Mpira wenyewe unapenda kwenda kule.
Kipindi cha kwanza Mkuti wakafunga mawili, kule.
Kipindi cha pili wageni wakarudisha yote mawili, kule kule.
Kwetu hata kona haikuja.
Nilitamani ardhi ipasuke, inimeze na mhuri wangu.

Kipa wa Mkuti, Mfaume, kazi hana, akageuka.
"Mmekuja kunitazama mimi?"
"Tumekuja kutazama goli," Somoe akamjibu.
Akacheka hadi akajishika magoti,
akavua glovu, akamvisha; zikamfika viwikoni.
Mpira ulipotoka nje, akamwita Chilumba aupige yeye.
Refa akapata ghafla kazi ya kufunga kamba za viatu.
Chilumba akapiga. Ukabiringika hatua nne, ukachoka.
Mshambuliaji wa wageni akasimama, mikono kiunoni,
akausubiri kama anayempisha bibi harusi njiani.
"Nimeanzisha shambulizi," Chilumba akatutangazia,
kisha akakaa chini, pumzi zimekwisha.

Jioni, wodini, Ndembo alikuwa macho.
Yeye hakuruhusiwa hata kuketi;
tulimhamishia kitanda cha tatu, tukamwacha.
Aliyaona yote manne.
Akayasimulia kwa kidole kimoja juu ya shuka,
nani alimpa nani, nani aliteleza,
na wale saba waliotoka uwanjani
wakamsikiliza midomo wazi.
Kisha wakamlipa:
nyuma ya goli la pili wavu umeungwa kwa chandarua,
kwenye mtambaapanya kuna kiota cha nyigu,
na Mfaume, usimwambie mtu, anaongea peke yake.

Jumatatu nilifua mashuka saba yenye vumbi.
Nilianika nyuma ya jiko, kusiko na dirisha.
Petroli ya Hashimu bado tunadaiwa.