Mpaka wa Toroli

Masuria ina maziwa mengi mazuri.
Hili letu si mojawapo.
Aprili, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
barafu ya mwisho imeganda kando ya mitete
kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa bafuni.
Nimetoka zamu ya usiku, mikono inanuka hamira,
nimeketi benchi la tatu, lenye ubao uliovunjika,
nawatazama kukuziwa wakigombania maji.

Ni ndege mweusi tii, hamshindi kuku kwa ukubwa,
paji jeupe kana kwamba kabusu ukuta wa chokaa mbichi,
jicho jekundu, na miguu, Mungu anisamehe,
miguu ya kijivu, mipana, ya kuazima.

Dume wa upande huu namwita Diwani.
Nchi yake inaanzia kwenye toroli la dukani
lililozama kabla sijahamia hapa,
inapita chini ya mwerebi ulioinama,
inaishia mahali ambapo mimi sioni kitu.
Yeye anapaona.
Hufika hapo akageuka ghafla
kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka.

Ng'ambo ya hapo ni kwa mwingine.
Wakikutana huinamisha vichwa, mabawa yamefutuka,
wakasogeleana polepole, polepole mno,
halafu maji yanalipuka.
Wanalala chali. Ndege wazima, chali majini,
mateke ya kifua, kucha zimenasa kucha,
na wake zao wanakuja mbio juu ya maji kusaidia.
Fahari wawili hawakai zizi moja, sawa,
lakini zizi likiwa maji
ukuta wake hujengwa kwa nini?

Kibisi anapita katikati ya vita, kishungi kimesimama,
anazama kwa Diwani, anaibukia ugenini
na samaki mdomoni.
Hakuna anayemdai pasipoti.

Mzee Ludomir wa ghorofa ya chini alikuwa mpima ardhi.
Siku moja alisimama nyuma yangu, kofia mkononi,
akatazama mpaka chai yangu ikapoa.
"Miaka thelathini na mmoja," akasema,
"nimepigilia vigingi mashambani mwa watu.
Usiku wanaving'oa, wanavisogeza hatua mbili,
asubuhi wanakuja kunisalimu kanisani."
Kisha akauliza toroli lile ni la duka gani.

Mei, vifaranga wanane,
vichwa vyekundu, nusu upara, kelele tupu.
Diwani analisha. Anayelialia kupita kiasi
anamkamata kichwa, anamtikisa, anamtupa.
Niliona mara tatu.
Ni ndege yuleyule niliyekuwa nikimshangilia.
Jumapili nikaandika daftarini: watano.
Sikuandika kwa nini.

Na leo nimefika nikakuta mtu benchini kwangu.
Mwanamke, koti la wauguzi, viatu kavivua,
soksi zake zinafuka mvuke juani.
Mabenchi mengine manne yapo wazi.
Nikahisi nywele za kisogo zinasimama,
nikahisi kichwa kinainama chenyewe,
nikasimama karibu na ubao uliovunjika
muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, hufundishwa watoto.
Mwenyeji huyu hakupona.

Akanitazama. Hakuinuka.
Akasogeza mfuko wake kama upana wa kiganja,
basi, kiganja kimoja tu,
nami nikaketi ukingoni, nusu ya paja hewani.
Tukanyamaza.
Kule majini Diwani akafika pale pake,
pale nisipopaona,
akageuka.
"Kwa nini karudi?" akauliza yule mwanamke,
Kipolandi chake kina lafudhi ya mashariki.
Nikamwonyesha toroli. Nikamwonyesha mwerebi.
Nikaanza kueleza, nikajikuta nanyoosha mkono
mbele ya uso wake, nikivuka ule mfuko,
na chai yake ilikuwa inanukia limau.