Baba wa Kuchorwa

Hilali wa flashi, kibanda cha pili kutoka stesheni,
aliniapia: "Katuni tu, mzee. Za watoto."
Elfu mbili, katuni sabini.
Nikaitia mfuko wa ovaroli, ikalala na spana.

Usiku ule Isevya umeme ulikuwepo.
Sizya kakaa chini, sahani ya ugali na nsansa mapajani,
akatokea baba wa kuchorwa:
tumbo debe, kichwa boga,
suruali inamvuka kila akiinama.
Mwanawe akamwita kwa jina, jina tupu,
bila baba, bila mzee,
kisha akamwambia jambo
ambalo mimi, na miaka yangu arobaini na mitatu,
sijapata kulitamka hata bafuni peke yangu.
Kiingereza kile Sizya alikielewa chote.
Ada ya shule nalipa mimi.

Akacheka. Akaniona mlangoni.
Kicheko akakimeza kizima kizima,
kama mtu aliyemeza kokwa ya ubuyu.

Nikazima. Nikahubiri.
Nikahubiri heshima hadi ugali ukaota ngozi.
Nikamtaja marehemu baba yangu,
ambaye tulimzika
nami sijui alikuwa akichekeshwa na nini.
Flashi nikaificha juu ya kabati,
mahali ambapo kila mtoto wa nyumba hii anapajua.

Ijumaa mama akaja kutoka Sikonge,
dumu la asali mkono mmoja, ulimi mdomoni.
"Mwangaluka, mume wangu! Umenenepa, unalishwa na nani?"
"Na mke mdogo," akajibu Sizya. "Mwenye meno."
"Meno yangu niliyaacha kwa babu yako,
nikafa njaa. Kwako nitafuata nini?"
Wakatukanana hivyo hadi jirani akachungulia ukutani.
Hakuna aliyehubiri.
Ni haki yao, ilikuwepo kabla ya reli.

Jumapili nikatoka zamu, mafuta ya injini hadi viwikoni,
nikakuta mwanga wa televisheni usoni mwa mama.
Baba wa kuchorwa anaporomoka kutoka paani.
Kiingereza mama hajui hata neno moja.
Alikuwa anatafsiri hata hivyo, kwa Kinyamwezi, uongo wake mwenyewe:
"Sasa hapo anaapa hakuuza tumbaku ya chama kwa mlango wa nyuma.
Mkewe anamwambia, na hilo baiskeli jipya limezaliwa na nani?"
Sizya machozi yanamtoka.

Sikuzima. Mama hakugeuka. Alisema tu:
"Maskini mtu huyu. Hana mama? Hana shemeji?
Hana hata Mzaramo mmoja wa kumtania msibani?
Ndiyo maana matusi yote ya ukoo
kaachiwa mtoto ayabebe peke yake."

Hapo umeme ukakatika.

Gizani watu huuliza.
"Baba," akasema Sizya, taratibu, anapima kina,
"wale wanatukanana,
lakini ikiisha huwa wako kochi moja.
Wewe mbona unakula jikoni?"

Nilikuwa na majibu. Zamu. Grisi.
Baba yangu naye alikula peke yake,
mlango umerudishwa,
nasi nje tunasikiliza kijiko.
Nikayatafuta majibu hayo mdomoni
nikakuta mama kanyamaza, yeye asiyenyamaza,
ananisubiri.

Nikaenda kwa kupapasa.
Nikapiga goti kwenye dumu la asali,
nikataja neno nililolisikia kwenye katuni.
Kimya kidogo.
Kisha wakalipuka, wote wawili, bibi na mumewe,
na kicheko kile hakuna aliyekimeza.

Nilipokuwa naketi, mkono mdogo ukanishika kiuno.
"Sogea kushoto, baba. Hapo pana springi."

Kochi hili nililinunua mimi, Kachoma,
miaka sita iliyopita, kwa fedha taslimu.
Habari ya springi
walikuwa wanaijua wote.