Duara na Mapacha

Dukani kwa Taibali, nyuma ya magunia ya saruji,
vyombo viwili vimelazwa sakafuni, vimeshiba upepo.
Chengo aliyevijaza kwa pampu ya kukanyaga
bado ahema, shati limemganda mgongoni.

Cha kwanza ni duara, lakini si kamili, limekatwa mbele
mfano wa kwato ya punda, na kiti cha wavu katikati.
Hulipandi; walivaa.
Waingia majini kinyumenyume, mapezi ya mpira miguuni,
na makalio yako yanakuwa mali ya bahari.

Cha pili ni mapacha: mirija miwili minene, ya kijivu,
iliyofungwa kwa fremu ya chuma, kiti juu, makasia kando.
Humo hulowi. Wabebwa kama bwana harusi.

"Chagua, mzee Shekuwe. Bei nimeikata hadi mfupa."
Alipolitamka neno mfupa
Taibali akaangalia misumari.

Mimi ni mtu wa uzani. Miaka ishirini na sita
nimekaa juu ya kreni pale Kilindini;
najua kitu kizito kinavyonyamaza kabla ya kuanguka.
Duara: kilo nne. Bega moja latosha,
ghorofa tatu za Buxton nitazipanda nalo.
Mapacha: kilo thelathini, yataka mkokoteni,
na mkokoteni una ulimi; mtaa mzima utajua
leo Shekuwe kaenda kutupa manyoya.

Maana huo ndio uvuvi wangu. Sitaki ngisi, sitaki dagaa.
Nafunga unyoya wa jogoo kwenye ndoano
kwa uzi niliofumua kwenye kanzu kuukuu,
naitupa kamba nyuma, mbele, nyuma tena,
iandike hewani hadi kolekole asome vibaya.
Zeyana husema: "Umri huu, wamdanganya samaki kwa nguo?"

Basi hori la Tudor.
Siku za maji mafu limetulia kama mchuzi uliopoa,
hata duara lingetosha, hata karai.
Lakini bamvua! Maji yashuka kutoka Jomvu
kama yana kesi mjini,
yamebeba kandambili, vibuyu vya mafuta, siku moja mlango mzima
na kitasa chake.
Duara halina kasia. Duara huomba.
Mapacha hubisha.

"Duara ni miguu tu, mzee," Chengo akasema.
"Piga kulia, piga kushoto, laenda."

Kulia ninao.
Kushoto nina huu wa bandia, kuanzia goti,
na ule wa asili sijui walizika wapi.
Piga kulia, piga kulia, piga kulia:
ningezunguka papo hapo katikati ya hori,
Mikindani ikipita, kisha Nyali, kisha Mikindani,
na samaki wakinihesabia mizunguko.

Nikacheka. Chengo akacheka, mkono mdomoni.
Taibali akacheka mwisho, polepole,
kama mtu anayehakikisha chenji.

Lakini nisikilize wewe unayesoma:
nililitaka duara.
Nilitaka maji yafike kiunoni, yafunike,
nusu yangu ya chini iwe kati yangu na bahari,
ambayo haijawahi kuuliza ilikuwaje.
Juu ya mapacha, mbele ya vijana wa ufukweni,
yeyote atakayeangalia atahesabu: moja.

Nikapiga goti zima, nikaifungua valvu ya duara.
Likapumua muda mrefu, likinuka mpira mpya,
likajikunja lenyewe pembeni.
Nikahesabu noti za mapacha. Mia mbili zikapungua;
Taibali akasema leta siku yoyote.

Kisha nikaketi kitini, pale pale sakafuni.
Nikauvua mguu, nikaulaza nyuma, penye wavu wa mizigo,
na nikashika makasia.
Yana mpini mzuri. Vumbi la saruji likatawanyika huku na huku.

Mteja akaingia kutafuta misumari ya inchi tatu,
akasimama mlangoni, akaniangalia nikivuta.
"Wapo samaki?"

"Bado," nikamwambia. "Maji hayajageuka."