Bahasha ya Kaki

Unaniuliza, Bwire, kule ndani kuna nini.
Unauliza kwa sauti ndogo, ukijifanya unafunga kamba za buti,
humu kwenye chumba cha barafu
ambamo hata siri ikitoka mdomoni hutoa mvuke.
Basi sikia.

Ni Kirumba, ghorofa ya pili, juu ya duka la injini za mitumbwi.
Ngazi kumi na tisa. Nilizihesabu,
maana kwenye ya kumi na moja nilitaka kurudi.
Kwapani nilibana bahasha ya kaki:
risiti za ada, za mabati, za dawa za mama mkwe,
miamala ya simu niliyoichapisha karatasi kwa karatasi,
ushahidi wangu, Bwire, wa miaka tisa.
Nilikuwa naenda mahakamani. Nilijua nashinda.

Usitegemee hakimu.
Utamkuta mama mmoja wa Kihaya, Bi Kokuhirwa,
viatu kavivua chini ya meza,
anakuuliza maji unakunywa ya baridi au ya kawaida,
halafu anakaa. Anakaa tu.
Viti vitatu, havitazamani wala havipeani mgongo.
Saa ya ukutani. Boksi la tishu.
Dirishani, kipande cha ziwa kisichozidi kiganja.

Atakwambia: ya humu hayashuki ngazi.
Atakwambia: sitasema nani mkosaji.
Hapo nikaona hela yangu imeliwa.

Akamwomba Nyanzala aanze.
Nikakaza meno, nikingoja yale makubwa:
usiku ule wa Ukerewe, ile simu, mkopo wa kikoba.
Nyanzala akasema,
"Anakula amesimama."

Chini, fundi akawasha injini kuijaribu.
Sakafu ikatetemeka, maji yakacheza kwenye glasi.
Bi Kokuhirwa akanyanyua kidole: tungoje.
Tukangoja.
Sijawahi kulingoja neno la mke wangu namna ile.

"Tangu tumzike Sayi anakula amesimama,
mlangoni, sahani mkononi, kama mtu anayeachwa na meli.
Mimi nimebaki na meza."

Wazee walitwambia vumilieni. Mchungaji akasema ombeni.
Tulivumilia, tuliomba,
na sahani ikabaki pale pale mlangoni.

Bahasha ikaanza kulowa jasho.
Nikasema zamu za usiku. Nikasema mgongo.
Mama yule akauliza taratibu,
"Na ukikaa, unaona nini?"
Swali dogo kama mwiba wa furu, likanikwama hapa.
Dakika ngapi zilipita sijui, na hakuna aliyenisaidia.
Nikasema: kile kiti kifupi.
Nyanzala akageuka, akanitazama
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.
"Kumbe nawe unakiona."

Usitegemee kwamba tulitoka tumeshikana mikono.
Alishuka mbele, nikashuka nyuma, kila mtu na bodaboda yake.
Wiki ya pili alipiga kelele, mafundi wakanyamaza kusikiliza.
Wiki ya tatu niliitwa peke yangu,
nikajikuta namzungumzia baba yangu,
mtu ambaye sikuja kumzungumzia.

Tulipewa kazi ya kufanya nyumbani, usicheke:
kukaa mezani dakika kumi, hata bila maneno.
Siku ya kwanza nilimaliza nne.
Niliinuka kutafuta chumvi.
Chumvi ilikuwa mbele yangu.
Nyanzala akaisogeza kwa kidole kimoja, hakusema kitu,
nikakaa tena.

Kama tumepona? Hilo usiniulize.
Kuna siku bado mguu unanivuta mlangoni.
Na bahasha sijaitupa, nisikudanganye,
ipo juu ya kabati, Bi Kokuhirwa hakuwahi kuifungua.

Ukienda, nenda saa tatu asubuhi.
Mchana wale mafundi huwasha injini mbili kwa pamoja,
na wewe, Bwire,
nakujua, utasingizia kelele.