Salamu za Saa Nane Usiku

Kharifu imeufunga mji tangu juzi.
Salala yote imelowa bila mvua kunyesha,
manyunyu tu, yale ya kusitasita,
na wageni wa Riyadh na Dubai wamejaa hadi ghorofa ya sita
kuja kutazama ukungu.
Sisi wa chini tunawafulia mashuka.

Huku chini mashine kumi na moja zinanguruma,
na katikati yake simu ya Eleuterio
imesimamishwa ndani ya bilauri tupu
ili sauti iongezeke.
Mpishi wa zamu ya usiku, mtu wa Sinaloa.
Kiarabu hana, Kiingereza chake kinachechemea kama changu,
tunakutana pale kinapoangukia.

Redio ni ya kwao, mji wa pwani, wa hoteli,
wa watu wanaofua mashuka ya wengine.
Hapa saa nane usiku.
Kule saa tisa mchana, tena ya jana.
"Kwetu jana bado haijaisha," aliniambia siku ya kwanza,
akacheka, akanipa ukoko wa wali.

Mara matarumbeta!
Nikadhani Jeshi la Wokovu wanapanda kilima cha Kimilili
Jumapili asubuhi, sare nyeupe, ngoma mbele,
ila hawa wamelewa,
na lile tarumbeta nene, la kuvaliwa mwilini kama chatu,
linakoroma puu, puu,
kodiani ikiwafuata nyuma inalia
kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Halafu muziki unakatika, mtangazaji anaanza kusoma majina.
Sikuhitaji mkalimani.
Salamu nazijua popote zinaposomwa:
ile pumzi ya kukimbilia jina linalofuata,
fulani wa mahali fulani, akiwasalimu fulani na fulani
na wote wanaomfahamu.

Mama alinunua kadi za salamu kwa pesa za mayai.
Miaka minne. Aliandika kwa herufi kubwa
ili mtangazaji asisingizie macho.
Siku jina lake liliposomwa
alikuwa kinuni, kwenye foleni, debe la mahindi miguuni,
na kinu hakisikii wala hakinyamazi.
Kijiji kizima kilisikia isipokuwa yeye.
Jioni akatuomba tumwigizie mtangazaji.
Tukamwigizia hadi chai ikapoa.
"Tena," akasema.

Leo, yaani jana yao, Eleuterio ametuma ujumbe.
Nimesimama na shuka, pincho moja kidevuni,
nikaogopa.
Kifuani nina kibao: NANCY.
Msimamizi alijaribu jina langu mara mbili tu,
akasema litawasumbua wageni.

Mtangazaji akavuta pumzi.
"Nasambu," akasema. "Kimilili."
Kila irabu mahali pake.
A yangu ikawa a, u yangu ikawa u,
na zile i nne zikapita moja moja
kama watoto wanaovuka barabara wameshikana mikono.
Mtu asiyejua Kenya iko upande gani
amelitamka kama aliyenibeba mgongoni.

Mashine ya tisa ilikuwa inakamua.
Nikaizima kwa kofi.
Mashuka ya chumba mia nne na kumi na mbili
yakabaki yamejikunja humo, mazito kwa maji.

Kinu kimenyamaza, Mama.
Nimesikia.

Asubuhi msimamizi atauliza nani alizima mashine.
Nitamwambia ni Nancy.