Mistari Mitatu Isiyo na Tarehe

Faili langu lina jina moja tu: mambo.
Halina rangi, halina kengele.
Nililianza mwaka wa pampu ya Chilonwa,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nasubiri spea,
na tangu hapo naandika hivyo hivyo:
mstari mmoja, jambo moja,
likiisha naweka x mbele yake
kama chaki kwenye bomba lililokwisha kupimwa.

*Gasketi mbili, Majengo, kwa yule wa pembeni.*
*Hombolo: fimbo ya pampu imepinda, nenda na Chibago.*
*Ada ya mtoto. Nusu.*
*Dawa ya mchwa.*
*Ada ya mtoto. Nusu iliyobaki.*

Simu tatu zimeniharibikia,
moja imelala kisimani Mvumi, mita arobaini chini.
Faili lilihama kama msafiri wa begi moja:
anashuka hapa, anapanda pale,
hana mzigo wa kuulizia.

Ndahani, mtoto wa kaka yangu, amesomea mambo haya.
Alikuja Nkuhungu Jumapili, akala ugali kwa mlenda,
akanawa, akaomba kuona.
Akashika kichwa.
"Shangazi, mistari elfu mbili na ushei!
Hili ni shamba la magugu."
Akafungua kompyuta, akajenga nyumba ya vyumba:
chumba cha tarehe, chumba cha mahali,
chumba cha uzito wa jambo, moja hadi tano.
*Hifadhidata*, akasema,
akilizungusha neno mdomoni kama pipi.

Nikamuuliza, mchwa ni uzito wa ngapi?
"Inategemea wamefika wapi."
"Basi andika hivyo."
"Hakuna pa kuandika hivyo."

Usiku akamwaga faili lote ndani ya jedwali lake.
Upepo ulikuwa ukitikisa mabati,
vumbi likipenya chini ya mlango.
Mashine ikameza, ikameza,
kisha ikatema mistari mitatu:
haina tarehe, haina tarehe, haina tarehe.

*Zabibu za Lechipya zikiiva, kamsaidie kuvuna.*
*Mvua ikinyesha, angalia paa la jikoni linavuja wapi.*
*Sechelela. Umwombe radhi.*

"Weka tarehe yoyote, Shangazi, hata ya uongo, ipite tu."
Dodoma hii! Nani anaijua tarehe ya mvua?
Nikamwambia aniachie mitatu yangu
nilale nayo.

Lakini nisilinyime jedwali haki yake.
Aliliuliza swali, kwa kujaribu tu:
jina gani limerudi mara nyingi?
Mimi nilidhani Chibago.
Kioo kikajibu kabla sijamaliza kudhani:
Sechelela, mara thelathini na nne.
*Mpigie Sechelela.*
*Sechelela, sufuria yake.*
*Sechelela, wiki ijayo.*
*Sechelela, baada ya mavuno.*
Miaka sita naliandika jina upya, chini zaidi,
na faili langu, kwa upole wake,
linapokea tu, halihesabu.
Ndahani hakuuliza ni nani.
Alifunga kompyuta taratibu,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba
alichoingia bila hodi.

Jedwali lake limo simuni sasa.
Hulia saa moja asubuhi: *Chamwino, uzito wa nne.*
Naenda. Silisemi vibaya.

Ila jana, siku ambayo jedwali halikuwa na kazi,
matone yalianza kupiga bati, makubwa, moja moja,
harufu ya udongo ikaingia kabla ya maji.
Hakuna kengele iliyolia.
Nilisimama jikoni na ndoo, faili likiwa wazi,
nikaona panapovuja: msumari wa tatu, juu ya jiko.
Nikaweka x.

Mstari wa chini yake niliutazama
mpaka kioo kikazimika.
Nikakiwasha.
Simu ilikuwa tayari mkononi.
Ni hiyo hiyo simu.