Injini Iko Mgongoni

Kampuni ya chai ilipofunga klabu yake
walimlipa Asajile nusu ya deni kwa pesa,
nusu kwa mashine ya kukatia nyasi:
nyekundu, matairi manne, kiti kimoja,
injini nyuma ya kiti.
Aliiendesha kutoka Kyimbila hadi nyumbani saa mbili nzima,
akipitwa na baiskeli, akipitwa na ndama,
watoto nyuma wakipiga kelele: "Gari limesahau mwili!"

Nikamuuliza, tutaila?
Akasema, Tumpale, hapa nyasi hazina likizo.

Kweli. Tukuyu mvua ikikatika
imekatika ili ivute pumzi.
Jumatatu unakata uwanja wa shule,
Jumatatu ya pili uwanja umeshakusahau.

Hakuacha wosia. Aliacha
spana namba kumi na tatu, tupa ya kunolea kisu
na daftari la kalamu nyekundu:
Oili kila saa ishirini na tano.
Chujio la hewa likung'ute, usilioshe kwa petroli.
Mkanda ukilia usiulize, kaza.
Kwenye mteremko shika breki kabla hujaamini.

Mwezi wa kwanza sikuigusa.
Mwezi wa pili panya walizaa chini ya kiti.
Wa tatu akaja mchungaji: "Mama,
nyasi zimefika madirishani,
zinafuata mahubiri kuliko waumini."

Nikavaa mabuti ya marehemu, soksi mbili mbili.

Kabureta niliifungulia juu ya sinia la mchele,
kila skrubu nikailaza kwa zamu yake ya kutoka.
Nilipomaliza kufunga, moja ikabaki.
Ipo hadi leo dirishani.
Mashine haijawahi kuiulizia.

Mkanda ulipokatika nilishuka Mwanjelwa;
kijana wa vipuri akacheka, wa hivyo hakuna nchi hii.
Nikachukua wa mashine ya kusaga, mkuukuu.
Ukipata moto hunukia pumba,
na mimi, katikati ya uwanja, nasikia njaa.

Chini ya deki nyasi mbichi huganda kama ukoko.
Kisu kikikuta ukoko hakikati, kinatafuna.
Kwa hiyo naiinamisha ubavu,
lakini kwanza nachomoa waya wa plagi,
hata kama imezima tangu jana:
chuma hakina aibu ya kuamka.
Halafu nakwangua, kwa mwiko uliokwisha kazi jikoni.

Gwakisa huja na gunia kuchukua nyasi za ng'ombe wake.
Siku tangi lilipovuja, ng'ombe alinusa,
akanyanyua kichwa, akanitazama mimi.

Na yule dalali wa Uyole, mwenye viatu visafi:
"Niuzie injini nikavute maji ya viazi.
Kiti na matairi baki navyo."
Kama mtu anayekuomba mtoto
akuachie mbeleko.

Nilimpa chai. Sikumpa jibu.

Asubuhi za mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza vidole,
nakaa, navuta choki, nawasha,
na joto linapanda polepole kwenye uti wa mgongo.
Nimebeba watano mgongo huu. Wote walishuka.
Mmoja yuko Tunduma, mmoja hapigi simu.
Huyu analia nyuma yangu na sihitaji kugeuka:
kuna kilio cha njaa, kuna kilio cha uchafu,
na kuna kile kisicho na sababu,
dawa yake kuzima, kungoja, kuwasha tena.

Mstari wangu wa kwanza hupinda kila mara.
Asajile aliunyoosha kwa kuulenga Mlima Rungwe.
Leo ukungu umeumeza mlima wote,
basi nalenga goli la shule,
lile la mlingoti mmoja,
wa pili watu waliufanya kuni,
na ninakwenda.